Mkono wa Siku ya Nane

Sanduku la Gideoni lilitangulia stesheni. Lilikuwa la bati, lenye kufuli dogo, na ndani yake mlikuwa na mashati matatu, Biblia, blanketi moja, na madaftari sita aliyoyaandika kwa miaka mitano ya kazi katika hospitali ya boma la Dodoma. Bashiri, mwenzake wa kazi, alilibeba mpaka uani, akalitua, akalitazama kwa huruma ya uongo.

"Mgogo mzima, mali yake yote naibeba kichwani bila ngata," alisema. "Kwetu Kondoa hata bibi kizee hahami na mzigo mwepesi hivi."

"Kwenu Kondoa mnahama na vya jirani."

Bashiri alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mtani, nakuuliza mara ya mwisho. Gari la moshi linafika saa nne kasoro robo. Linanywa maji, linapakia kuni, linaondoka saa nne u nusu. Kwa nini usiniache mimi niende kijijini Makole nikaisome hiyo mikono ya waliochanjwa, wewe ukakae stesheni kama bwana?"

"Niliwaambia nitarudi mimi."

"Uliwaambia, au ulimwambia?"

Gideoni alikung'uta vumbi kwenye mkoba wake wa ngozi. "Watu ni thelathini na wanane," alisema. "Mkono mmoja ni dakika mbili. Nikianza saa mbili na nusu, saa nne kasoro robo nimemaliza. Saa nne nipo stesheni."

"Na Loisi umempangia dakika ngapi?"

"Peleka sanduku, Bashiri."

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na moja Septemba, mwaka 1912. Wiki moja kabla, Jumatano ya tarehe nne, Gideoni alikuwa amewachanja ndui watu wa Makole. Kazi hiyo ina sheria moja ambayo haibembelezwi: ukihesabu siku ya kuchanja kuwa ya kwanza, mchanjaji lazima arudi siku ya nane. Siku hiyo mkono hueleza wenyewe. Penye lengelenge, dawa imeshika na ndui haitamwua mtu yule. Pasipo na kitu, mtu huyo hana kinga, hata akijisifu vipi. Na kambi ya wapagazi iliyokuwa mwendo wa siku moja upande wa magharibi ilikuwa imekwisha kuzika watu kumi na wawili.

Ilitokea kwamba siku ya nane ya Makole na siku ya kuondoka kwa Gideoni zilikuwa moja. Barua ya Tabora ilikuja katikati ya Agosti. Hospitali ya huko ilitaka msaidizi wa kazi ya darubini, mtu anayejua kusoma na kuandika na ambaye mkono wake hautetemeki. Bwana Daktari wa Dodoma alimtaja Gideoni. Barua ilimalizia kwa mstari mmoja: asipoonekana katika gari la Jumatano hiyo, ataitwa wa pili katika orodha.

Gideoni aliitaka kazi ile kwa namna ambayo hakuwa ameitaka kazi nyingine yoyote. Mwezi wa Juni daktari mmoja msafiri, aliyekuwa njiani kwenda ziwani, alikaa Dodoma siku mbili. Alifungua kisanduku cha mbao, akatoa darubini ya kutazamia vitu vidogo, akamchoma Gideoni kidole na kuipaka damu yake juu ya kioo. Gideoni aliinama akatazama. Damu yake haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya manjano hafifu, nayo ilikuwa visahani, maelfu kwa maelfu, vikisukumana kama ng'ombe wanaoingia zizini. Hakujua alikaa hapo muda gani, mpaka daktari alipomgusa bega. Jioni ile aliutazama mkono wake kama mkono wa mgeni aliyefika bila kubisha hodi.

Mtu wa kwanza aliyemsimulia alikuwa Loisi, binti wa Mzee Bartolomayo wa Makole. Loisi alikuwa amesoma misheni, na ndiye aliyekuwa akimsaidia kuwahudumia wanawake wagonjwa, kwa kuwa wengi hawakukubali kushikwa mkono na mwanamume. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza:

"Mtu akilala, navyo vinalala?"

Gideoni alitambua kwamba hakuna mtu, hata Bwana Daktari, aliyewahi kumuuliza swali zuri kama lile. Tangu siku hiyo, kila alichokiona alikiona mara mbili: mara moja kwa macho yake, na mara ya pili akifikiria jinsi atakavyomweleza Loisi.

Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mzee Bartolomayo alijibu ombi lake la kumwoa Loisi kwa upole na bila kuacha mlango wazi.

"Mwanangu Raheli nilimpa mtu wa reli," alisema. "Mume wake aliniambia anakwenda kutandika vyuma, atarudi wakati wa mavuno. Mavuno mawili yamepita. Wewe ni mtu mwema, mganga. Nenda Tabora, Mungu akulinde. Ila usiende na jina la binti yangu mdomoni."

Loisi naye, kisimani, alimwambia maneno makali zaidi.

"Nenda."

"Nikibaki, baba yako atakubali."

"Ukibaki kwa ajili yangu, miaka kumi ijayo utanitazama, lakini utakuwa unaiona darubini. Sitaki kutazamwa hivyo. Nenda, Gideoni."

Akajitwika mtungi, akaondoka bila kugeuka. Gideoni alihesabu hatua zake mpaka alipozunguka boma la miiba. Zilikuwa sitini na tatu.

*

Tembe la Mzee Bartolomayo lilikuwa refu na la chini, paa lake bapa la udongo likiwa limeanikwa masuke ya mtama. Watu walikwisha kukaa chini sambamba na ukuta, kila mmoja na kitambaa cheupe mkononi juu ya kiwiko. Gideoni alikuwa amewaamuru wasivifungue vitambaa mpaka arudi, wasije wakajikuna.

"Mbukwenyi!" aliwasalimu.

"Mbukwa!" waliitika kwa pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Mzee Bartolomayo. Aliutazama mkoba, kisha viatu. Gideoni alikuwa amevaa viatu vya safari.

Loisi alikuwa mwisho wa safu, kati ya wanawake, kitambaa chake kimefungwa vizuri kuliko vya wote. Macho yao yalikutana kwa muda mfupi, kisha yeye akayashusha na kuanza kumfungulia kitambaa mama aliyekaa karibu naye.

Wa kwanza katika safu alikuwa Mzee Ndahani. Wiki iliyopita yeye ndiye nusura aivunje kazi nzima. Aliposikia kwamba dawa ya ndui inatoka kwa ndama, aliuliza: "Ndama wa rangi gani?" Watu wote walimgeukia mganga, kwa sababu ukoo wa Ndahani haugusi kitu cha ng'ombe mwenye milia, si nyama, si maziwa, si ngozi. Mchanjaji mwingine angetaja rangi yoyote. Gideoni alijibu, "Sijui, babu. Ndama yuko Dar es Salaam, sikumwona." Ndahani alimkodolea macho kwa muda mrefu. "Wewe huwezi kudanganya hata ukisaidiwa," alisema, akanyoosha mkono.

Sasa Gideoni alifungua kitambaa cha mkono huo. Mikwaruzo minne ilikuwa imepona, mieupe, mikavu. Hapakuwa na kitu kingine.

"Uliwashwa, babu?"

"Niwashwe na nini? Mwanamume mimi."

"Homa hukupata?"

"Hata kidogo."

Gideoni aliandika *hapana* katika daftari. Inatokea, mzee huenda aliugua ndui utotoni. Wa pili, hapana. Wa tatu, hapana. Kila mmoja alisema kwa majivuno kwamba hakusikia kitu, na kila mmoja alimcheka kidogo jirani yake ambaye huenda angekiri kuwa alisikia. Alipofika wa kumi, Gideoni aliacha kuandika. Alipofika wa ishirini alikuwa anatokwa jasho, ingawa upepo wa asubuhi ulikuwa bado baridi.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Bartolomayo.

"Baba, siku ile nilipofika alfajiri nilikupa kikasha cha dawa unishikie, mpaka watu watoke malishoni. Nilikuomba ukiweke mahali salama."

"Nilikiweka."

"Wapi?"

"Juu ya paa."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Ni wapi pengine? Paani mbuzi hafiki, mtoto hafiki, mchwa hana njia. Mbegu za mwaka ujao huwekwa paani. Kwa Mgogo hakuna mahali salama zaidi.

Gideoni aliinua macho. Paa lilikuwa wazi kabisa juani. Kikasha kilikaa pale tangu jua linachomoza mpaka saa sita mchana, kwa jua la Septemba, na dawa ya ndui iliyo katika vijineli, yaani mirija myembamba ya kioo, haivumilii jua hata la saa mbili. Alikuwa amewachanja watu wa Makole kwa maji yaliyokufa.

Mzee Bartolomayo alifuata macho yake mpaka paani, yakarudi. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

Kulikuwa na watu thelathini na saba wakitazama, na baadhi yao walianza kugeuka kumtazama mzee. Gideoni alisimama.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa safu. "Chanjo haikushika. Kosa ni langu. Dawa hii hufa juani. Ilinipasa niseme ikae kivulini, kwenye maji baridi. Sikusema. Niliyepewa kazi ni mimi, na anayejua tabia ya dawa ni mimi. Mwingine yeyote asilaumiwe."

Mnung'uniko ulipita ukutani kote. "Kwa hiyo ndui ikija?" aliuliza mama mmoja.

"Ikija leo, itawakuta kama mlivyokuwa."

"Dawa nyingine?"

"Kutoka pwani. Wiki mbili, pengine tatu."

Watu waligeuka kutazama magharibi. Wote walijua kambi ya wapagazi iko wapi.

"Gideoni." Ilikuwa sauti ya Loisi. Alikuwa amesimama, mkono wa kulia umekishika kitambaa cha kushoto. "Mimi ulinichanja kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya paa. Ulifika alfajiri, ukasema wanawake wataogopa, nikakuambia acha nichanjwe mimi wa kwanza ili nijue nitakalowaambia. Ukatoa kijineli kimoja, ukanichanja pale mlangoni. Halafu ndipo ukampa baba kikasha."

Gideoni alimwendea. "Mkono unakuwasha?"

"Tangu Jumapili sijalalia upande huu. Na juzi nilipata homa."

"Kwa nini hukuleta habari?"

"Wote niliowauliza walisema hawasikii kitu. Nikafikiri hawa ni mashujaa, na mimi ni mwoga."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Mzee Ndahani alijifanya anakohoa. Gideoni hakucheka. Alimketisha Loisi kwenye kigoda, akafungua fundo la kitambaa polepole kuliko kazi ilivyohitaji.

Malengelenge manne. Yalikuwa mviringo, sawasawa kama yaliyopimwa, rangi ya lulu, kila moja na kibonyeo katikati na duara jekundu likilizunguka. Ngozi iliyoyafunika ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwanga wa asubuhi ulipenya na kusimama ndani yake.

Alikuwa ameona mamia. Aliweza kuyachora akiwa amefumba macho. Lakini hakuwahi kuona haya, yakiwa peke yake, katika mkono mmoja, mahali ambapo watu thelathini na saba walikuwa wameshika pumzi. Alikumbuka kioo cha darubini na vile visahani visivyohesabika, na kwa mara ya pili katika maisha yake alisikia kitu kikitua kifuani mwake kama mtu aliyeingia kanisani akakuta limejaa na kimya. Kinga ya Makole nzima ilikuwa hapa, matone manne. Mwili wa msichana huyu ulikuwa umeitengeneza ukiwa unachota maji, ukisonga ugali, ukimwambia aende zake.

"Ni vibaya?" aliuliza Loisi, kwa kuwa alikuwa hajamwona na uso ule.

"Hapana," alisema Gideoni. "Hapana. Loisi, dawa ipo. Wewe ndiye dawa."

"Sema vizuri."

"Maji yaliyo humu yanaweza kuchanja watu wengine. Mkono kwa mkono. Ndivyo walivyofanya zamani kabla ya kuletwa ndama. Lengelenge moja lililokomaa linatosha watu kumi."

"Manne, arobaini."

"Ndiyo."

"Tupo thelathini na wanane, na mimi nimeshapata."

"Ndiyo."

Ndipo gari la moshi lilipopiga honi. Sauti ilitoka mashariki, ndefu, ikapita juu ya matembe yote, na mbuzi wakainua vichwa. Gideoni alitazama jua. Saa nne kasoro robo. Halikuchelewa hata dakika moja.

Loisi alishusha sauti. "Gari lako."

"Nimelisikia."

"Hili jambo lingoje kesho?"

"Kesho maji yatakuwa usaha. Ni leo tu."

"Bashiri je?"

"Bashiri anajua kusoma mkono. Kuchukua dawa mkononi mwa mtu hajafanya hata mara moja."

"Basi nifundishe mimi. Sasa hivi, upesi, kisha ukimbie. Una saa nzima kasoro kidogo."

"Nikikufundisha mbio nitakufundisha vibaya. Ukichoma katikati badala ya pembeni, itatoka damu, na watu hawa watachanjwa damu. Tutarudi pale pale."

"Gideoni, nilikwambia nini kisimani? Sitaki uache kazi ile kwa ajili yangu."

"Sifanyi kwa ajili yako," alisema. "Ningekuwa nafanya kwa ajili yako ningekuambia, sina sababu ya kuficha. Mkono huu ungekuwa wa Mzee Ndahani, ningekaa vilevile."

Loisi alimtazama. Kitu kilichokuwa kimejifunga usoni mwake tangu Jumapili kilifunguka taratibu, na alipotabasamu Gideoni alilazimika kutazama chini, kwenye mkoba.

"Hilo," alisema Loisi, "ndilo neno zuri kuliko yote uliyopata kuniambia."

"Mkono wangu una nini?" aliuliza Mzee Ndahani kutoka ukutani. "Nimesikia natajwa."

"Unasifiwa, babu," Loisi alimjibu.

Gideoni aliwasha kitaa cha spiriti, akapanga vijembe vyake juu ya kitambaa safi. Alikuwa anakipitisha cha kwanza katika moto Bashiri alipotokea akikimbia, kanzu ameipandisha magotini.

"Mtani! Liko kwenye maji! Kondakta anauliza jina lako!"

Kisha akaona mikono mitupu ukutani, akaona mkono wa Loisi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi alielewa.

"Lirudishe sanduku," alisema Gideoni.

Bashiri alivuta pumzi. "Sijalipakia," alisema. "Nimeliacha stesheni, kivulini."

Neno hilo la mwisho liliwachekesha watu wote. Mzee Bartolomayo peke yake hakucheka.

*

Gideoni alimchoma Loisi lengelenge la kwanza pembeni, kwa ncha. Tone lilijitokeza, safi kama umande kwenye jani la mtama. Alilichukua, akakwaruza mkono wa Mzee Ndahani mara nne, akalipaka. Akapitisha kijembe motoni, akakiacha kipoe, akarudia. Loisi hakutikisika. Alifuata kila hatua kwa macho, na Gideoni aliona midomo yake ikihesabu: ncha, pembeni, moto, poa.

Watu walipita mmoja mmoja, na walipofika mbele ya kigoda sauti zao zilishuka zenyewe, kama wanavyofanya walio mbele ya mtoto aliyezaliwa usiku uliopita. Mama mmoja aligusa vidole vya Loisi kwa heshima kabla ya kunyoosha mkono wake. Raheli, dada yake, alilia kimya wakati wote alipokuwa anachanjwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Alipokuwa kwenye mtu wa kumi na nne, gari la moshi liliondoka. Gideoni aliinua macho mara moja. Moshi ulikuwa mweupe, umenyooka kuelekea magharibi, halafu upepo ukaukata. Aliinamisha kichwa, akaandika kumi na nne.

"Inauma?" aliuliza Loisi kwa sauti ndogo.

"Inauma," alisema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Darubini ni moja tu duniani?"

Alifikiri swali hilo kwa makini. "Hapana."

"Basi."

Baada ya mtu wa ishirini na tisa alikiweka kijembe katika mkono wa kulia wa Loisi. "Sasa si mbio," alisema. "Lengelenge la nne ni lako."

Ilikuwa siku ya kwanza Makole, na huenda Dodoma nzima, mtu kuonekana akichukua dawa mkononi mwake mwenyewe na kumpa mwingine. Loisi alichoma pembeni. Hapakutoka damu. Alimchanja mtu wa thelathini, wa thelathini na moja, polepole, ulimi umeutoa kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, na mkono wake haukutetemeka. Gideoni alisimama nyuma yake bila kazi. Alikuwa amejifunza jambo lile kwa miezi minne. Loisi aliliona asubuhi moja, akalifanya vizuri.

Wa mwisho alikuwa baba yake. Mzee Bartolomayo alikuwa amewapisha wote. Alipiga magoti mbele ya kigoda cha binti yake, kitu ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukiona, akanyoosha mkono.

"Lilikuwa paa langu," alisema.

"Baba, nyamaza, mkono utasogea," alisema Loisi, na machozi yalikuwa yakimshuka, lakini kijembe kilikwenda sawa. Mikwaruzo minne. Akapaka.

Mzee Ndahani, aliyekuwa amekaa akitazama kama mwenye harusi, alisema kwa sauti: "Leo sina haja ya kuuliza rangi ya ndama. Huyu nimemjua tangu anazaliwa."

Kicheko kilipotulia, Mzee Bartolomayo alibaki amekaa chini. Alimgeukia Gideoni.

"Kosa ulilichukua wewe mbele ya watu."

"Lilikuwa langu, baba. Sikusema kivuli."

"Labda." Mzee alifuta vumbi magotini. "Mume wa Raheli hakunitajia siku. Aliniambia mavuno, na mavuno ni marefu, mtu anaweza kupotelea humo. Wewe ulitaja siku. Gari likakulilia, ukakaa. Siku ya nane utarudi tena?"

Kabla Gideoni hajajibu, Loisi alisema: "Siku ya nane nitasoma mimi. Mikono yote. Nitaandika daftarini, Bashiri atapeleka bomani."

Gideoni alimtazama. Alikuwa amejiuliza tangu saa nne: kila siku ya nane itazaa siku ya nane nyingine, kijiji baada ya kijiji, basi mtu wa kazi hii huondoka lini? Hakuna barua iliyoweza kumjibu. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda, likijifunga kitambaa kwa meno na mkono mmoja. Mtu huondoka pale anapoiacha mikono kwa mtu anayeijua.

Akafungua daftari. Katika safu ya jina la mchanjaji, mbele ya nambari thelathini hadi thelathini na saba, aliandika: *Loisi binti Bartolomayo*. Akamwonyesha mzee, naye akayasoma yale maneno kwa kidole, herufi moja moja, hakuyaharakisha.

"Iandikie Tabora barua nyingine," alisema Mzee Bartolomayo mwishowe. "Wasipokutaka, andikia kwingine. Na kabla hujaenda popote, mtume mshenga hapa. Mtu anayerudi siku aliyoitaja, naweza kumpa mtoto akaenda naye mbali." Akamgeukia binti yake, akiwa bado na sauti ya ukali ili furaha yake isionekane. "Na wewe? Mshenga aje lini?"

Loisi alikuwa amemaliza fundo. Aliutazama mkono wake, si Gideoni.

"Kigaga kidondoke kwanza," alisema.

"Ni siku ngapi hiyo?"

Mzee aliuliza akimtazama mganga, kwa kuwa hayo ndiyo mambo ya mganga. Gideoni alijua. Lakini alimgeukia Loisi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alimwachia mtu mwingine swali la kazi yake.

"Siku ya ishirini na moja tangu ya kuchanja," alisema Loisi.

Gideoni alifungua daftari ili ahesabu, kisha akalifunga. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu.